Salamu Mbele ya Hakimu

Mimi ni mtu wa kupandwa na mori haraka, na walimu wenzangu hapa Kapsoya, mjini Eldoret, hawatabisha. Kwa hiyo niseme mapema kwamba kisa hiki kiliishia kwa nafuu, ili nikianza kufoka msidhani nimebaki hivyo. Nilifoka, nikalia, kisha nikashusha pumzi ndefu ambayo nadhani sijaimaliza hadi leo.

Maktaba ya shule sikuiomba, nilitupiwa. Mwalimu mkuu alikuwa amechoka kunisikia nikilalamika kwenye kila mkutano kwamba kompyuta za shule zimefungiwa stoo. Zilikuwa zimepangwa mezani humo, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua pembeni, vile tunavyofunika makochi na televisheni nyumbani. Mlango ulikuwa na kufuli juu na kufuli chini. "Zisiibwe," mwalimu mkuu aliniambia. "Na zisiingie vumbi." Nikamuuliza kama watoto watajifunza kompyuta kwa kuchungulia tundu la kufuli. Siku iliyofuata akanikabidhi funguo mbele ya wote. "Mwalimu, wewe mwenye mdomo," akasema, "endesha."

Nikaendesha. Vitambaa nikavikunja nikaviweka kabatini, nikatoa kompyuta, nikazipanga maktaba kando ya vitabu vya hadithi. Darasa zima lilisimama mlangoni likiogopa kuingia. Baadaye nikaomba wazazi nao waruhusiwe jioni, watoto wakishaenda nyumbani. Hapo ndipo nilipojua watu wangu. Alikuja fundi wa viatu aliyekuwa akitafuta nafasi ya chuo ya binti yake. Alikuja mama wa mboga aliyetaka kuona matokeo ya mtihani kwa macho yake mwenyewe, asisomewe na mtu wa saiba, kile kibanda cha intaneti, ambaye hata kumtazama hamtazami. Walikaa wima mbele ya zile mashine, mikono magotini, kana kwamba wako kanisani. Nilikuwa nikiwacheka kwa upendo, nikiwafundisha kushika kipanya bila kukikaba koo.

Wakubwa wakija shuleni kutoa hotuba husema kuna pengo la kidijitali. Nilikuwa nikiyapigia makofi maneno hayo bila kuyafikiria sana. Pengo lenyewe nilikuja kulijua kwa sababu ya Mama.

Mama ninayemtaja si aliyenizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo, na dada yake mkubwa, anayeishi upande wa Turbo, akanichukua. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Walinilea, wakanisomesha, nami nikawaita Mama na Baba bila mtu kunifundisha. Walioana kwa desturi: wazee waliketi, mahari ikapelekwa, bibi harusi akatoka kwao akaenda kwa mumewe, yakaisha. Cheti hawakuwahi kuchukua. Nani enzi hizo aliona haja ya karatasi ya kumwambia jambo ambalo kijiji kizima kilikula na kunywa kulishuhudia? Kisha wale wazee wakafa mmoja mmoja, na mwisho Baba naye akafa.

Hatukuwa tumemaliza hata kupalilia mahindi ya msimu ule tuliposikia kwamba mdogo wake Baba amekwenda mahakamani. Mimi humwita Baba Mdogo. Anaishi mbali na Turbo, ng'ambo ya mji, na wanawe wakubwa. Alikuwa ameiambia mahakama kwamba kaka yake alikufa bila mke wala mtoto, na kwamba yeye ndiye apewe usimamizi wa shamba. Kama mahakama ingekubali, Mama angetoka katika nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, angeacha shamba la mahindi, na kaburi la Baba lingebaki nyuma ya ua wa mtu mwingine. Wanawe walitaka kuuza, hilo kila mtu alilijua. Lakini sahihi ilikuwa ya Baba Mdogo.

"Huyo mtoto," Mama alisema. Alimwita mtoto mwanamume mwenye mvi. "Huyo mtoto amesahau."

Tulipeleka pingamizi. Wakili hatukuwa naye, tulikuwa na karani mmoja mpole kule mahakamani aliyetuelekeza mlango hadi mlango. Nilikuwa tayari kutoa ushahidi, lakini wakili wa Baba Mdogo alikwishaandika kwamba mimi ni mtoto wa dada yake Mama, nimekula kwake, nitasema nini kingine? Nilitamani kumpigia simu nimwambie. Mama akaninyang'anya simu.

Siku ya kesi kutajwa Mama alitoka Turbo alfajiri, amevaa koti la kanisani na kilemba kipya. Alifika mahakamani Eldoret kabla ya milango kufunguliwa. Akakaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akangoja jina lake. Akangoja mpaka watu wa chai wakapita, mpaka jua likaingia koridoni na kutoka. Mwishowe askari akamuuliza anangoja nini. Akamtajia kesi. Askari akamwambia, "Mama, hiyo imeshaitwa asubuhi. Siku hizi ni kwa mtandao."

Alikuwa ameitwa, hakuitikia, ikaandikwa kwamba hakufika. Yeye yuko hapo hapo, ukuta mmoja tu katikati! Hakimu alisema kesi itasikizwa siku nyingine, na asipofika tena, pingamizi litatupwa. Mama alinisimulia hayo kwa sauti ya chini, akiwa amekaa kitandani kwangu Kapsoya amevua viatu. Nikawaka. Nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kusema. Tangu hapo mtu akitaja pengo la kidijitali, mimi naona lile benchi.

"Lakini si walikutumia ujumbe?" nikamuuliza. "Wenye linki?"

"Ulikuja ujumbe wenye maandishi ya Kizungu yameshikana kama tambi," akasema. "Nikaufuta. Redio inasema hao ni wakora."

Ningemwambia nini? Redio kweli husema hivyo, na wakora kweli wapo. Na hata kama asingeufuta, simu yake ni ya tochi, ile ya kubonyeza, haijui linki ni mnyama gani. Nilimrudia yule karani. Akatuma linki mpya kwenye simu yangu, akaeleza masharti: shahidi aonekane uso vizuri, akae mahali patulivu, na asiwe na mtu kando wa kumnong'oneza majibu.

Tulijaribu kwanza kwa simu yangu. Kioo chake kimepasuka, na Mama alipojitazama akaniambia uso wake una nyufa. Nikamwomba mwalimu mwenzangu aingie kwenye mazungumzo kwa simu yake, nijaribu kama sauti inafika. Mtu mwingine akapiga katikati, Mama akabonyeza kitufe chekundu kwa adabu, na mkutano ukazimika. Tukaanza tena. Ikazimika tena. Nikaona pingamizi letu likifa kwa kidole cha Mama.

Basi nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba maktaba asubuhi ya siku ya kesi, wakati ambapo wanafunzi huwa na kipindi humo. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja zangu zote, na sauti nimeshaipandisha kabla sijafunga mlango.

"Chukua," akasema.

"Lakini darasa la..."

"Mwalimu, nimesema chukua. Watasomea nje. Kwani hiyo maktaba si tulisema ni ya jamii?"

Nilisimama pale na hasira yangu mkononi, sina pa kuiweka. Nikasema asante. Nadhani ndiyo asante ya kwanza aliyoipata kutoka kwangu bila kisu ndani yake.

Mama alikuja kulala kwangu ili asubuhi isitukimbie. Nilimkalisha mbele ya kompyuta kubwa iliyo karibu na dirisha, yenye kamera juu, nikasogeza kiti, nikamwonyesha mwanga mdogo wa kijani.

"Mwalimu, hii kitu inaniona?"

"Inakuona, Mama."

"Na mimi nikijikuna?"

"Usijikune."

Akarekebisha kilemba. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya kwetu yenye baridi, na wanafunzi walikuwa wamejibanza kwenye veranda na vitabu vyao. Nilikwenda kukaa mbali, karibu na rafu za kamusi, mahali ambapo ningeona skrini bila kamera kuniona. Sharti lilikuwa sharti. Nilimwacha peke yake na ile mashine, na sijawahi kuona mgongo wa mtu ukiwa mdogo namna ile.

Skrini ikajaa vijidirisha. Katika kimoja alikuwemo hakimu, mwanamke mwenye miwani. Kingine wakili wa upande wa pili, ofisini kwake, tai imekaza. Kingine kilikuwa Baba Mdogo, amekaa ndani ya gari lililoegeshwa, simu imeshikwa na mtu ambaye hatukumwona ila kidole gumba. Alikuwa amezeeka. Alikuwa akitazama chini, kama mtu anayengoja daktari. Tangu kesi ianze hawakuwa wameonana, yeye na Mama. Kwenye korido za mahakama watu wenye kesi hujua kukaa mabenchi ya mbali, kila mmoja akitazama ukuta wake. Hapa hapakuwa na benchi la mbali.

Kesi ikaitwa. Jina la Mama likatajwa. Naye, kwa sababu alifunzwa kwamba mahakamani ukiitwa unasimama, akasimama.

Kwenye skrini nikaona vifungo vya koti. Vifungo vya koti na mkoba, basi, na kutoka juu huko sauti yake ikisema kwa heshima zote, "Niko hapa, Mheshimiwa!"

Nilijifunika uso kwa kamusi.

"Mama," hakimu akasema, na nilisikia anajizuia kucheka, "asante kwa kusimama. Sasa keti, tafadhali. Tunaona tumbo tu."

Mama akaketi. Uso wake ukashuka ukajaa kile kijidirisha, mkubwa, karibu kabisa, na mikunjo yake yote na yale macho. Ndipo Baba Mdogo alipoinua kichwa, akamwona. Na kabla hakimu hajasema neno, kabla wakili hajafungua faili, uso wake ukafunguka.

"Chamgei, shemeji!" akasema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi uani. "Aii, umekonda! Unakula kweli?"

Kwetu huwezi kuona uso wa mtu wako ukaanza maneno mengine. Salamu hutangulia, hata kama ni mtu mnayedaiana naye damu. Ulimi wake ulikwenda wenyewe. Na ulimi wa Mama ukaitika wenyewe, mahakama akaisahau kabisa.

"Nakula, shemeji. Na wewe huo mgongo?"

"Bado inanisumbua. Hii baridi."

"Si nilikuambia ufunge kitambaa cha moto?"

"Nafunga. Lakini hawa hawajui kufunga kama wewe."

Hapo wote wawili wakakumbuka walipo. Kile kidole gumba kikatikisika, picha ya Baba Mdogo ikaenda upande. Hakimu alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mzee," akasema taratibu, "huyu uliyemsalimia ni nani kwako?"

Wakili akaruka. "Mheshimiwa, kwa heshima, neno shemeji siku hizi ni la kila mtu. Hata bodaboda humwita abiria shemeji. Mteja wangu anasalimia tu."

Nikasimama kule kwenye rafu. Nilitaka kupiga kelele, na nilijua nikipiga kelele nimeharibu kila kitu. Nikaiuma kamusi. Kweli, niliiuma, alama ya meno iko kwenye jalada hadi leo na wanafunzi hudhani ni panya.

"Wakili, sikukuuliza wewe," hakimu akasema. "Nimemuuliza mzee. Mzee, ni nani kwako?"

Baba Mdogo akageuka kumtazama mtu aliyeshika simu. Akarudi kwenye kamera, akafungua mdomo, na picha ikaganda.

Iliganda hivyo hivyo, mdomo wazi, macho nusu. Kale kaduara kakaanza kuzunguka. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, na nikawaza nguzo zote za mtandao kuanzia mjini hadi huko walikoegesha gari, nikaziapiza na kuziombea kwa pumzi moja. Mama hakuelewa kwamba imeganda. Alidhani shemeji yake anafikiri. Aliendelea kumtazama kwa subira, kama unavyomngoja mtoto atafute neno.

Kisha sauti ikarudi, kipande tu: "...mke wa kaka yangu."

Ni mke, au si mke? Maneno haya mawili katika Kiswahili yanatofautiana kwa herufi moja tu, na hiyo herufi ilikuwa imeliwa na mvua.

"Mzee, mtandao ulikatika," hakimu akasema. "Rudia."

Ilikuwa nafasi yake. Wakili alikuwa akimtolea macho, mwanawe, maana kile kidole gumba kingekuwa cha nani kingine, yuko kando yake, na mashine yenyewe ilikuwa imempa mlango wa kutokea. Angeweza kusema lolote. Baba Mdogo akainyakua simu kwa mkono wake, uso wake ukaja karibu, tukaona pua na mvi za kidevuni.

"Nimesema ni mke wa kaka yangu," akasema, sauti juu, kama anayetaka kusikika ng'ambo ya mto. "Mheshimiwa, nilikuja kwao nikiwa mtoto wa shule. Uji wake ndio ulinikuza. Nilipeleka mimi mwenyewe ng'ombe wa mahari, nikiwaswaga kwa fimbo. Hawa vijana waliniambia bila cheti si mke. Lakini sasa amenitazama hivi, nitasema nini?"

Wakili aliomba muda wa kuzungumza na mteja wake. Hakimu alimpa. Waliporudi, wakili alikuwa amelegeza tai, akasema mteja wake anaondoa yale aliyoyaandika. Sikumchukia tena. Alikuwa tu mtu kazini, siku imemwendea mrama.

Hakimu akaandika kitambo. Kisha akasoma. Ombi la Baba Mdogo la kusimamia shamba peke yake limekataliwa. Mali isiguswe wala kuuzwa. Mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuomba usimamizi, na karani atamweleza namna. Alisoma kwa Kiingereza cha mahakama, akarudia kwa Kiswahili, na katika Kiswahili chake akasema, "Mahakama imeridhika kwamba huyu ni mjane wa marehemu." Kisha vijidirisha vikazimika kimoja kimoja. Cha Baba Mdogo kilikuwa cha mwisho. Alikuwa akipunga mkono.

Nikakaa sakafuni kati ya rafu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nafuu ilinishukia kuanzia utosini, nikajisikia mwepesi hata ningeweza kumkumbatia mwalimu mkuu, na nusura nifanye hivyo baadaye. Nikainuka nikaenda kwa Mama. Alikuwa bado ameketi wima, akitazama skrini nyeusi.

"Imeisha?"

"Imeisha, Mama. Nyumba ni yako. Hakuna wa kukutoa."

"Huyo mama mwenye miwani alisema nini hapo mwisho? Lile neno."

"Alisema wewe ni mjane wa Baba."

Akalirudia polepole. "Mjane." Akalirudia tena, akaushika ukingo wa meza. Nikakumbuka kwamba siku ya mazishi hakulia. Alipika, akapokea wageni, akasimama kaburini na macho makavu, na watu wa Baba Mdogo wakanong'ona kwamba si ajabu, huyo hakuwa mkewe. Tangu siku ile alikuwa akibishana, akipanda magari, akingoja kwenye benchi, na katika hayo yote sikuwahi kumwona akifuta jicho. Sasa akalaza kichwa kwenye kibodi, kilemba kikamwanguka, na kilio kikatoka, kile kirefu cha nyumbani kwetu, akimwita Baba kwa jina alilomwita wakiwa wawili.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Wanafunzi walikuwa wamelowa, kiongozi wao akauliza kama sasa wanaweza kuingia.

"Ngojeni kidogo," nikawaambia. "Mama yangu amefiwa na mumewe."